Gari la Umeme Lililotumika: Lipimwe Kabla ya Kununuliwa

Ndugu Wanachama,

Sisi wenye mikarafuu hatuna haja ya kufundishwa kwamba kitu hakinunuliwi kwa kutazamwa juu. Gunia la karafuu likifika kituoni, mpokeaji hatosheki na mdomo wa gunia. Hutia mkono mpaka chini, akatoa karafuu, akazivunja kwa vidole ajue kama zakatika kavu au zapinda, akatazama kama mna makonyo au mpeta, ndipo akazitia katika mizani. Wala hatumwoni kuwa ni mtu mbaya kwa kufanya hivyo. Twajua kwamba fedha haitoki bila ya kipimo.

Basi ni ajabu kumwona mtu huyo huyo, ambaye gunia lake limepekuliwa mpaka chini, akishapokea fedha zake za msimu, anakwenda kununua gari la mamilioni kwa kulizunguka mara mbili, kulipiga teke tairi na kuufungua mlango. Na gari la umeme ndilo gumu zaidi kulijua kwa macho, kwa sababu ugonjwa wake hautoi moshi, haupigi kelele wala haudondoshi mafuta.

Wanachama kadhaa wamenijia ofisini kuniuliza juu ya magari haya. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake nimeona bora niandike hapa, ili anayetaka kununua asome, na asiyetaka amsomee jirani yake.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kutoa nasaha, yafaa nikiri kosa. Mjomba wangu aliuza karafuu zake katika msimu mzuri, akataka kununua gari dogo la umeme lililotoka Japani. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma katika nyumba yetu, alinichukua tulitazame pamoja. Gari lilikuwa safi, viti havina doa, rangi yang'ara. Muuzaji akaliwasha, likasimama kimya kama kwamba halikuwashwa. Akatuonyesha kioo kilicho mbele ya usukani: vijiti vyote 12 vya uzima wa betri vilikuwapo. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba vijiti 12 ndio uzima kamili, nikamwambia mjomba, "Nunua, hili ni zima."

Haikupita miezi miwili vijiti vikaanza kupungua kimoja kimoja, mpaka vikabaki 7. Siku moja nililiendesha mwenyewe kilometa 30, likala sehemu 60 katika 100 za umeme wake. Maana yake gari lile, hata likijazwa mpaka mwisho, lakwenda kilometa 50 tu, kisha lasimama. Mjomba alikuwa amekusudia kulifanyia kazi ya abiria ili apate ada ya chuo ya binti yake. Ada ile imetafutwa kwingine, kwa taabu. Yeye hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Haya nitakayoyaeleza ni yale ambayo ningaliyajua siku ile, ningalimwambia, "Mjomba, hili tuliache."

BETRI NDIYO GARI

Gari la petroli lina injini yenye vitu vingi vinavyosagika: pistoni, mikanda, plagi, pampu. Gari la umeme halina hayo. Lina mota moja inayozungusha magurudumu, na mota hiyo aghalabu hudumu miaka mingi bila ya kuguswa. Hapana mafuta ya injini ya kubadilisha, wala klachi, wala bomba la moshi. Hilo ni jambo jema, na ndilo linalowavutia watu.

Lakini chini ya sakafu ya gari hilo limo sanduku kubwa la betri, na sanduku hilo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya thamani ya gari. Betri ya namna hii huchakaa kwa njia mbili. Huchakaa kwa kutumika, yaani kila inapojazwa na kumalizwa. Na huchakaa kwa umri na joto, hata kama gari limesimama tu. Ikichakaa haifi ghafla. Hupungua uwezo wake wa kushika umeme, kama mtungi unaojaa mchanga chini: waujaza mpaka juu, lakini maji yaliyomo si yale ya zamani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Muuzaji akikuonyesha kwamba gari "limejaa mia kwa mia," amekwambia tu kwamba mtungi umejaa. Hakukwambia mtungi una ukubwa gani. Swali lako liwe la pili, si la kwanza.

GARI LINALOONEKANA ZAIDI

Katika magari ya umeme yaliyotumika yanayotoka Japani, linalopatikana zaidi na kwa bei nafuu ni Nissan Leaf, kwa hiyo nitalifanya hilo kuwa mfano. Usukani wake uko kulia kama yetu, maana Japani nao huendesha kushoto.

Leaf lilianza kuuzwa Desemba 2010 likiwa na betri ya uniti 24. Uniti hizi ni zile zile tunazozinunua kwa ajili ya mita za majumbani. Mwisho wa 2015 ikaja betri ya uniti 30. Oktoba 2017 likatoka umbo jipya lenye betri ya uniti 40, na mwaka 2019 ikaongezwa ya uniti 62. Kwa hiyo mtu akikwambia "ninauza Leaf," muulize ni la uniti ngapi na la mwaka gani, maana tofauti yake ni kama tofauti ya pishi na gunia.

Kwa kipimo rasmi cha Marekani, lile la kwanza la uniti 24 likiwa jipya lilikwenda kilometa 117 kwa kujazwa mara moja. La uniti 30 kilometa 172. La uniti 40 kilometa 243. Na la uniti 62 kilometa 364. Karatasi za Japani hutaja hesabu kubwa zaidi. Gari lile la uniti 40 huko liliandikiwa kilometa 400. Msidanganyike kwa hesabu hiyo, kwani ilipimwa kwa mwendo wa polepole sana ndani ya karakana. Shikeni hesabu ndogo, na hata hiyo ni ya gari jipya.

Jambo jingine la kujua ni kwamba betri ya magari haya ya Leaf niliyoyataja haina maji ya kuipoza. Hupoa kwa hewa tu. Mwaka 2012 wenye magari haya katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako joto ni kali mno, walilalamika kwamba betri zao zapungua upesi kuliko walivyoahidiwa. Baadaye kiwanda kilibadilisha dawa za ndani ya betri ili zistahimili joto zaidi. Sisi hatuna joto la Arizona, lakini pia hatuna baridi ya Japani. Kwa sababu hiyo magari ya miaka ya mwanzo, tangu 2011 hadi 2013, yataka tahadhari kubwa: umri umeyafika, na dawa zake ndizo zile za kwanza.

VIJITI 12 NA UONGO WAKE

Katika Leaf, pembeni mwa kipimo cha umeme, mna safu mbili za vijiti. Safu ya vijiti vinene huonyesha umeme uliomo sasa. Hivi hupanda na kushuka kila siku. Safu ya vijiti vyembamba vya ukingoni huonyesha ukubwa wa mtungi wenyewe, yaani uzima wa betri. Hivi havipandi kwa kuchaji.

Kijiti chembamba cha kwanza hupotea betri ikiisha kupoteza yapata sehemu 15 katika 100 za uwezo wake. Baada ya hapo kila kijiti ni kama sehemu 6 na kidogo. Kwa hiyo gari lenye vijiti 10 limebakiwa na chini ya sehemu 80, na lenye vijiti 8 limebakiwa na chini ya thuluthi mbili. Hata gari lenye vijiti 12 halikulazimika kuwa zima kamili. Laweza kuwa na 99, au laweza kuwa na 86 na kesho kijiti kikaanguka.

Walakini uongo mkubwa ni huu. Hesabu ya vijiti huwekwa na kompyuta ndogo ya betri, na mtu mwenye chombo chake aweza kuifuta hesabu hiyo ianze upya. Ikifutwa, kompyuta hudhani kwamba betri ni mpya, na vijiti vyote 12 hurudi. Betri haikubadilika hata kidogo. Kisha gari likiendeshwa na kuchajiwa kwa wiki kadhaa, kompyuta hujifunza ukweli na vijiti huanguka tena. Wakati huo muuzaji amekwisha kula fedha. Hivyo ndivyo nilivyodanganywa mimi.

Basi ukiona gari la mwaka 2012, lililokwenda kilometa 90,000, lina vijiti 12, usifurahi. Shuku. Gari la umri ule kwa kawaida haliwi na vijiti vyote.

Na kwa haki lazima nitaje kinyume chake. Katika baadhi ya magari ya uniti 30, kompyuta ilikuwa na kosa la kuonyesha uzima mdogo kuliko uliopo, na mwaka 2018 kiwanda kikatoa marekebisho. Kwa hiyo kioo huweza kusema uongo kwa pande zote mbili. Dawa ya yote ni kupima.

KIPIMO CHA KWANZA: CHOMBO CHA KUSOMEA

Chini ya usukani, karibu na magoti ya dereva, mna tundu la plagi ambalo mafundi hulitumia kusoma kompyuta ya gari. Kuna kijichombo kidogo kama kiberiti kinachochomekwa hapo na kuzungumza na simu ya mkononi. Kwa Leaf kuna programu ya simu iitwayo LeafSpy. Bei ya vyote viwili ni ndogo sana mbele ya bei ya gari.

Ukisha kuunganisha, tazama mambo manne:

Kwanza, uzima wa betri kwa sehemu katika 100, ulioandikwa SOH. Huu ni bora kuliko vijiti kwa sababu ni hesabu kamili, ingawa nao hupanda kwa uongo kompyuta ikifutwa.

Pili, tofauti baina ya seli. Ndani ya sanduku seli zimeunganishwa jozi 96, na programu huonyesha nguvu ya kila jozi kwa mstari wake. Zikiwa nzima, mistari husimama sawa kama askari. Tofauti baina ya ile ya juu na ile ya chini huwa milivolti 20 au 30. Ukiona mmoja au miwili imezama chini peke yake, hiyo ni seli dhaifu, na seli moja dhaifu hulirudisha nyuma sanduku zima, kama vile ngarawa yenye ubao mmoja uliooza.

Tatu, idadi ya kuchajiwa kwa haraka na kwa polepole. Gari lililochajiwa kwa haraka maelfu ya mara limefanya kazi nzito. Pia ukiona hesabu hizi ni ndogo mno kuliko kilometa za gari, jua kuna kilichoguswa.

Nne, kilometa. Linganisha zile za kioo na zile za karatasi za mnada wa Japani. Muuzaji wa kweli hatakuficha karatasi hiyo. Humo huandikwa kilometa na daraja la gari: 4 na 4.5 ni madaraja mazuri, na herufi R au RA huonyesha kwamba gari liligongwa likatengenezwa.

Muuzaji akikataa kijichombo hicho kisichomekwe, usibishane naye. Mshukuru, uage, uondoke.

KIPIMO CHA PILI: NJIA

Chombo chaweza kudanganywa, lakini njia haidanganywi. Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea mimi sasa, na hakitaki elimu kubwa.

Mwambie muuzaji alijaze gari usiku kucha. Asubuhi andika katika karatasi sehemu za umeme zilizomo na kilometa zilizo katika kioo. Kisha liendeshe kwa mwendo wako wa kawaida, katika njia yenye vilima, na mashine ya ubaridi ukiiwasha kama utakavyoiwasha siku zote. Muwe watu wawili au watatu ndani. Nenda kilometa 40 kwa uchache. Ukirudi, andika tena.

Hesabu yake ni hii: zidisha kilometa ulizokwenda kwa 100, kisha gawanya kwa sehemu zilizotumika. Kwa mfano, umeanza na 95 ukamaliza na 55, umetumia 40. Ulikwenda kilometa 40. Basi 40 mara 100 ni 4,000. Gawanya kwa 40, jibu ni 100. Gari hilo lina kilometa 100 katika tumbo lake. Kwa Leaf la uniti 24 hiyo ni hali nzuri, kwani jipya lilikuwa na 117. Lakini kama kilometa hizo hizo 40 zimekula sehemu 60, jibu ni 67 tu, na hata kioo kikionyesha vijiti 12, wewe umejua.

Usiishie hapo. Seli dhaifu hujificha betri ikiwa imejaa, na hujifichua ikikaribia kwisha. Kwa hiyo endelea kuliendesha karibu na mahali pa kuchajia mpaka umeme ubaki chini ya 20. Tazama unavyoshuka. Ukishuka kwa utaratibu ule ule wa mwanzo, vema. Ukianguka ghafla, tuseme kutoka 30 mpaka 12 katika mwendo mfupi, mna seli mbovu. Leaf lina alama ya kobe inayowaka umeme unapokaribia kwisha, na gari huanza kwenda polepole kama huyo kobe. Kobe akitokea mapema, hasa katika kupanda kilima, huku kipimo kikisema umeme ungalipo, usilinunue gari hilo kwa bei yoyote ile.

Kipimo hiki chataka nusu siku. Sisi huanika karafuu siku nne au tano juani na kuzigeuza, tukizianua kila wingu likitanda. Nusu siku kwa kitu cha kukaa nacho miaka si nyingi.

MENGINE YA KUTAZAMA

Betri ikiwa nzuri, yako mambo mengine.

Inama utazame chini. Sanduku la betri liko chini ya tumbo, na tumbo la gari hili li karibu na ardhi. Likiwa limebonyea au lina mkwaruzo mkubwa, limegonga jiwe. Tazama kutu katika bolti. Waya nene za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa wa volti mia tatu na zaidi. Usiziguse, wala usikubali fundi asiyejua azifungue, kwa maana zaua.

Funua zulia la miguuni na la buti. Tope kavu au harufu ya uvundo ni dalili ya gari lililozama katika maji. Gari la petroli lililozama hutengenezwa. La umeme lililozama liache.

Jaribu breki. Gari la umeme hujisimamisha kwa mota yenyewe na kurudisha umeme kidogo katika betri, kwa hiyo breki hutumika kwa nadra, na kwa hewa yetu ya bahari sahani zake hushika kutu.

Kuna pia betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote. Hii ikichoka gari haliwaki, na taa za hatari huwaka ovyo hata mtu akadhani kubwa imekufa. Wengine hununua gari kwa bei ndogo kwa sababu hiyo, na wengine huuza kwa sababu hiyo hiyo. Ipimwe kwa mita ya fundi kabla ya kukata shauri.

Mwisho, vioo vya magari haya huja na maandishi ya Kijapani, na kile kikubwa cha katikati ni shida kubadilishwa. Si ubovu, lakini ujue mapema.

KUCHAJI NYUMBANI

Tundu la kuchajia la Leaf liko puani. Aghalabu mna mawili: dogo la kuchaji polepole, na kubwa la kuchaji kwa haraka. Sisi tutegemee lile dogo.

Uulize waya wa kuchajia kabla ya bei. Waya ulioletwa toka Japani una plagi ya kwao isiyoingia katika soketi zetu, na wengine huikata wakafunga plagi ya hapa kwa mkono. Msifanye hivyo. Tafuteni waya uliotengenezwa kwa volti 230, wenye plagi ya meno matatu. Soketi iwe yake peke yake, yenye waya mnene na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini, iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Waya mwembamba wa kurefushia, ule tunaowashia redio na feni, utapata moto usiku mmelala.

Kwa ampea 10, soketi ya nyumbani hutoa uniti 2 na kidogo kwa saa. Betri ya uniti 24 hujaa kwa muda wa saa 10 au zaidi kidogo, yaani tangu baada ya isha mpaka asubuhi. Ya uniti 40 yataka saa 18 au zaidi, lakini mtu haimalizi yote kila siku.

Kisiwa chetu kiliunganishwa na umeme wa Tanga mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari, na tangu hapo hatutegemei tena majenereta kama zamani. Hata hivyo umeme hukatika. Asiyekuwa na umeme wa hakika kwake, au anayekaa mbali na nguzo, asinunue gari hili kwa kutumaini jirani.

Juu ya faida, kila mtu afanye hesabu yake. Gari dogo la umeme hula kama uniti 15 kwa kilometa 100. Gari dogo la petroli hula lita 7 au 8. Zidisha uniti kwa bei ya umeme wako na lita kwa bei ya petroli ya wiki hii, utaona tofauti. Lakini faida hiyo ni ya mwenye betri nzima. Aliyenunua betri mbovu amelipa petroli ya miaka mingi kwa siku moja.

NANI ALIFAE

Kisiwa chetu ni kidogo. Toka ncha ya kusini mpaka ya kaskazini ni yapata kilometa 67. Kwa hiyo mtu wa Chake Chake au Wete mwenye safari za mjini, skuli, hospitali na kurudi, gari lenye kilometa 100 lamtosha. Kanuni yangu ni hii: safari yako ya kila siku isizidi nusu ya kilometa ulizozipata katika kipimo cha njia. Nusu ya pili ni ya dharura, na ya kuchakaa kwa betri katika miaka ijayo.

Anayetaka kubeba magunia toka shamba, katika njia za udongo na wakati wa mvua, Leaf halimfai. Liko gari la mizigo la kiwanda hicho hicho, e-NV200, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2014, ambalo betri yake hupozwa kwa mashine ya ubaridi. Nalo lipimwe kwa njia hizi hizi.

KARATASI NA FEDHA

Tuliosoma chuoni twajua kwamba kuficha aibu ya bidhaa si halali, na kwamba mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Lakini haki isiyoandikwa ni taabu kuidai. Andikeni karatasi yenye namba ya chesisi, kilometa, uzima wa betri uliosomwa siku ile, na kilometa zilizopatikana katika kipimo cha njia. Andikeni pia kwamba uzima ukianguka zaidi ya kiasi fulani katika miezi miwili, gari litarudi na fedha zitarudi. Wawepo mashahidi wawili. Mwenye gari zima hataogopa karatasi hiyo. Na kama yawezekana, sehemu ya fedha ibaki mkononi mpaka muda huo upite. Dhamana ya kiwanda iliyotolewa Japani msiiwekee matumaini huku.

Kwa kuwa si kila mwanachama aweza kununua kijichombo cha kusomea, nimenunua kimoja kwa fedha yangu, na kimo katika saraka ya meza yangu ofisini. Mwanachama yeyote anayetaka kwenda kutazama gari aje akiazime, na nikipata nafasi nitafuatana naye. Sitachukua chochote. Ninacho kisa cha kufanya hivyo, na mmekwisha kukisoma.

Mjomba angali na gari lake. Asubuhi hulitumia kwenda sokoni na kurudi, kilometa chache, kisha hulitia chini ya mwembe. Juzi alinisikia nikiandika makala hii akaniambia, "Andika na jina langu, wajue." Nimeona jina halina haja. Kipimo ndicho chenye haja.

Wasalaam,
Katibu wa Chama